Tusiwatengenezee Watoto Magari Yao

Mwanachuo atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na kushuka kupitia Mbaha hadi Liuli na Mbamba Bay, hatakosa kuona magari mengi. Hatusemi juu ya malori na mabasi yateremkayo kutoka milima ya Umatengo, bali juu ya magari yaundwayo na watoto wenyewe: bodi ya waya, au ya mabua, au ya kopo la mafuta lililokatwa ubavuni, magurudumu ya ndala zilizochakaa, ekseli ya kijiti kilichonyooshwa kwa kisu, na usukani wa waya mrefu unaomwezesha mtoto kuliendesha gari lake akiwa amesimama wima nyuma yake. Jioni, penye ardhi ngumu karibu na ufuko, magari hayo hushindanishwa. Yapo yashindayo, yapo yang'okayo gurudumu njiani, na ugomvi juu ya nani aliyeanza kabla ya wenziwe haukosekani.

Katika shule zetu magari hayo hupata mapokezi ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mwalimu wa zamu ambaye huyakusanya asubuhi, akayafungia stoo, na kumwambia mwenye gari kwamba shuleni watu huja kusoma. Namna ya pili ni ya mwalimu aliyepita chuoni miaka ya karibuni, aliyefundishwa kutumia vifaa vya mazingira. Yeye huyasifu magari, huchagua moja lililo zuri, huliweka juu ya kabati na kulibandikia karatasi yenye maneno "Zana ya Sayansi". Aghalabu twamcheka wa kwanza na kumpa alama nzuri wa pili. Sisi twaona kwamba wote wawili wamefanya jambo moja, yaani wamemwondolea mtoto gari lake.

Hatusemi hayo kwa kuwanyoshea wengine kidole. Miaka iliyopita, tulipokuwa sisi wenyewe mazoezini katika shule moja ya mwambao huo, tulipanga somo juu ya magurudumu na msuguano kwa wanafunzi wa darasa la tano. Makundi yaliunda magari kwa muda wa juma zima. Gari la kundi moja lilikuwa na tabia ya kuvuta kushoto; kila lilipoachiwa kutoka juu ya ubao lilikwenda hatua nne na kuingia kwenye majani. Siku iliyofuata mkufunzi alikuwa anakuja kutukagua. Mmoja wetu, wakati wa mapumziko, alichukua koleo, akanyosha ekseli ya mbele, akakaza waya mahali pawili, na gari likaenda moja kwa moja. Somo lilipendeza. Mwishoni mkufunzi aliinama, akamwuliza mvulana mmoja wa kundi hilo kwa nini ekseli yao ilikuwa imefungwa kwa waya mara mbili ilhali za wenzao zimefungwa mara moja. Mtoto alijibu kwa adabu: "Shikamoo. Ameweka mwalimu." Mkufunzi akaandika kitu katika daftari lake. Alasiri ile makundi mengine yalibeba magari yao kwenda nayo nyumbani. Gari lililonyooka liliachwa juu ya meza, na hatukumwona mtoto yeyote akirudi kulichukua.

Kwa muda mrefu tulifikiri kosa letu lilikuwa ni udanganyifu mdogo mbele ya mkaguzi. Sasa twaona lilikuwa kubwa zaidi ya hapo, na sababu moja iliyotufanya tuone hivyo ni habari za mashindano ya magari yanayofanyika mbali sana na Mbaha.

Yapo mashindano ya wanafunzi wa uhandisi yaitwayo Formula SAE, yaliyoanza kwa jina hilo mwaka 1981 huko Texas, Marekani. Uingereza nayo ilianza ya kwake mwaka 1998 kwa jina la Formula Student. Kila chuo huunda gari dogo la mashindano, la kiti kimoja, lenye magurudumu yaliyo wazi, na kulipeleka kushindana na ya vyuo vingine. Miongoni mwa washiriki wamekuwamo maofisa wanafunzi wa vyuo vya kijeshi, kama vile kile cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Hudson, na kile cha wanamaji kilichoko Annapolis. Hao ni vijana ambao asubuhi wako gwaride na jioni wako karakanani, mikono imejaa grisi.

Kanuni ya mashindano hayo iliyotugusa ni hii: gari sharti libuniwe, liundwe na litunzwe na wanafunzi wenyewe, bila mkono wa mhandisi wa kazi wala fundi wa karakana. Mkufunzi anaruhusiwa kuwa mshauri. Anaweza kuuliza, kuonya, kuelekeza kitabu kilipo. Haruhusiwi kubuni sehemu ya gari. Chuo chenye maprofesa wa injini, chenye mashine za kila namna, kimefungwa mikono kwa makusudi, na mwenye kufungwa ndiye ajuaye zaidi.

Jambo la pili ni namna alama zinavyogawanywa. Mtu angedhani kwamba mashindano ya magari ni mbio, na aliyetangulia ndiye mshindi. La hasha. Jumla ya alama ni 1,000. Kati ya hizo, 150 ni za ubunifu, ambapo waamuzi husimama mbele ya gari na kuwauliza wanafunzi kwa nini kila kitu kiko kama kilivyo. 100 ni za gharama. Na 75 ni za kueleza jinsi gari hilo lingeweza kutengenezwa na kuuzwa. Maana yake alama 325, karibu theluthi moja, hutolewa gari likiwa limesimama. Zilizobaki ni za mwendo, na kubwa kuliko zote, 275, ni za mtihani wa uvumilivu: gari hukimbia umbali wa kilomita 22 hivi, katikati ya safari dereva mmoja akishuka na mwingine akipanda. Gari lisilomaliza hupoteza karibu alama zote za mtihani huo. Kila mwaka yapo magari ya kupendeza yanayokwama hapo, kwa sababu ya bomba lililolegea au waya uliokatika.

Kwa nini chuo cha kijeshi kipoteze muda wa maofisa wake wa kesho kwa jambo kama hilo? Wao hawatakuwa madereva wa mashindano. Twafikiri jibu ni kwamba ofisa atakuja kuwa mahali ambapo chombo kimeharibika, karakana iko mbali, na watu thelathini wanamtazama. Pale kumbukumbu ya jibu sahihi haimsaidii kitu ikiwa hajawahi kukaa mbele ya chombo chake mwenyewe kilichokataa kwenda, alichokikosea mwenyewe, na kulazimika kutafuta kosa hatua kwa hatua. Liko na jambo jingine. Jeshini cheo ni cheo. Lakini katika kundi linalounda gari, kijana wa mwaka wa kwanza akisema bolti haijakaza, mkubwa wake hana budi kwenda kuitazama, kwa kuwa bolti haijui cheo cha mtu. Ikiwa jeshi, lenye kupenda amri kuliko taasisi nyingine yoyote, limeona faida ya kumwacha kijana akosee na kujieleza, sisi wa shule za msingi twaogopa nini?

Msomaji atasema kwamba hayo ni ya Wamarekani na mali zao. Basi tutazame hapa kwetu. Kibaha liko Shirika la Nyumbu, lililoanzishwa mwaka 1985 chini ya wizara ya ulinzi kwa ajili ya teknolojia ya magari, nalo likaunda lori lililopewa jina la mnyama huyo. Nchini Kenya, Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 waunde gari, hata likiwa baya wa sura na lisilo na kasi. Mwaka 1990 magari ya majaribio, matano kwa hesabu, yakazinduliwa kwa jina la Nyayo. Kiwanda hakikufuata, maana fedha hazikupatikana. Wapo wanaoyacheka magari hayo hadi leo. Sisi hatucheki.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja yetu ni wa Uganda. Mwaka 2008 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, chini ya uongozi wa wanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, kuunda gari liitwalo Vision 200 lililoonyeshwa mjini Turin, Italia. Waliporudi hawakuridhika kusimulia. Waliunda gari lao la umeme la viti viwili, Kiira EV, ambalo liliendeshwa barabarani Kampala mnamo Novemba 2011. Na mwaka 2016 wakaonyesha basi lenye kutumia nguvu za jua, Kayoola. Jeshi la Uganda liliingia baadaye: shirika lake la uchumi ndilo lililopewa kazi ya kujenga kiwanda cha Kiira kule Jinja, na mabasi ya umeme yaliyofuata yaliunganishwa katika kiwanda cha jeshi kilichoko Nakasongola. Tungependa mwanachuo auone mfuatano huo. Kiwanda na saruji vilikuja mwisho. Mwanzoni walikuwako vijana walioachiwa kazi mikononi mwao na wakubwa waliokubali kuwatazama wakihangaika.

Turudi Mbaha, katika darasa la tano, lenye watoto themanini pengine, na dirisha lisilo na kioo.

Tunapendekeza mashindano ya magari ya waya yawe somo, na yaendeshwe kwa kanuni ya mshauri asiyegusa. Yaani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho mkono wa mwalimu usishike gari la mtoto yeyote isipokuwa kwa hatari, kama vile ncha ya waya iliyochomoza, ambayo nayo ni afadhali amwambie mtoto aikunje mwenyewe.

Katika yale mashindano ya mbali, magari ya petroli hulazimishwa kuvuta hewa yote ya injini kupitia tundu lisilozidi kipenyo cha milimita 20, ili chuo tajiri kisinunue ushindi kwa kununua injini kubwa. Darasani nasi tunahitaji tundu la namna hiyo. Mtoto wa mwenye duka ataleta waya mpya na magurudumu ya gari la kununua. Wa mvuvi ataleta kipande cha ndala alichookota ufukoni. Kwa hiyo kila kundi lipewe waya wa urefu uleule, kwa mfano mita tatu, na jozi moja ya ndala kuukuu, basi. Vijiti, mabua na vizibo ni ruhusa kwa kila mtu maana vimejaa kila mahali. Ufinyu huo hufikirisha. Kundi lililopewa mita tatu haliwezi kutengeneza bodi yenye milango na taa. Lazima lichague, na likishachagua laweza kuulizwa kwa nini.

Kadhalika kila kundi liwe na daftari la gharama. Kila kitu kiandikwe, hata kile kilichopatikana bure, pamoja na mahali kilikotoka. Tahadhari: daftari likiandikwa kwa uaminifu mwalimu atagundua mengine asiyoyatarajia. Tuliwahi kusoma katika daftari moja kwamba waya wa ziada ulikuwa "kamba ya kuanikia nguo ya mama jirani". Somo la hesabu siku hiyo liligeuka kuwa la uraia, na waya ukarudishwa.

Mbio zenyewe zisiwe za kusukumana barabarani, bali za kupima. Ubao wa mita moja na nusu uegemezwe juu ya jiwe. Gari liachiwe kutoka juu, na umbali linaofika upimwe kwa kamba yenye mafundo. Lifanyike hilo mara tatu, na wastani utafutwe. Kisha kundi libadilishe kitu kimoja tu na kupima tena. Hapo "kimoja tu" ndipo penye kazi, kwa kuwa mtoto, kama mtu mzima, akishindwa hutaka kubadilisha kila kitu kwa pamoja, na gari likienda vizuri hajui ni kwa lipi. Baadaye ubao uhamishiwe kwenye mchanga wa ufuko. Gari lililoshinda kwenye ardhi ngumu, lenye magurudumu membamba, litazama. Lile la magurudumu mapana lililochekwa litapita. Usiwaambie watoto kabla. Tumeona walimu wazuri wakishindwa kujizuia, wakasema "mtaona huko mchangani", na kuiharibu asubuhi nzima.

Na mtihani wa uvumilivu uwepo: kutoka shuleni hadi ziwani na kurudi, gari limepakia kokoto za uzito uliopimwa, huku waendeshaji wakibadilishana nusu ya njia. Sharti la kubadilishana lina manufaa ambayo hatukuyafikiria mwanzoni. Watoto wetu hulichukulia gari la waya kuwa mchezo wa wavulana, na makundi yakiachwa yenyewe msichana hukabidhiwa daftari, mvulana akashika usukani. Pale panapotakiwa madereva wawili, kanuni iseme kwamba mmoja awe msichana, na kwamba mwandishi wa juma hili awe fundi wa juma lijalo.

Waamuzi wa maelezo watoke nje ya darasa. Mwambao ule una watu wachongao mitumbwi, na mtu aliyezoea kutafuta mizani ya gogo ili lisipinduke ziwani ajua habari za uzito na upana kuliko wengi wetu tulio na vyeti. Aalikwe mzee mmoja, akae kwenye kiti kivulini, watoto wamwamkie, na kila kundi limweleze gari lake. Hatauliza maswali ya kitabu. Atashika gari, aliinamishe, na kusema: "Mjukuu wangu, mbona umeweka mzigo huku juu?" Mtoto atakayemjibu babu huyo kwa sababu, hata iliyo dhaifu, amestahili alama zaidi ya yule anayekariri maana ya msuguano.

Sasa lile gari letu lililovuta kushoto. Lau mwenzetu angaliacha koleo mfukoni na kuuliza swali moja tu, "Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, upande huu na upande ule, ni sawa?", watoto wangalitafuta rula. Wangalikuta upande wa kushoto ni mfupi kwa upana wa kidole. Pengine wasingalijua la kufanya, na mkufunzi angalikuta gari bado linaingia kwenye majani. Lakini yule mvulana angalikuwa na la kusema.

Twajua pingamizi zitakazotolewa. Muda hautoshi, nayo mada ni nyingi. Ni kweli, wala hatutaki magari yafanywe kila muhula. Mara moja kwa mwaka yatosha, na kwa kuwa ndani yake mna hesabu, sayansi, uandishi na mazungumzo ya Kiswahili, vipindi vyaweza kukopwa huku na huku. Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaokumbuka yaliyoipata Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1967 ilikusudiwa kwamba kazi ya mikono iwe sehemu ya kufikiri. Katika shule nyingi ikawa shamba la mahindi, watoto wakilima mistari waliyopimiwa na mwalimu na kuvuna bila kujua kwa nini mbegu ilipandwa siku ile. Wanauliza: magari nayo hayatakuwa hivyo? Yatakuwa, iwapo mwalimu atatoa mchoro mmoja ubaoni na kuamuru magari themanini yanayofanana. Hatuna dawa ya hilo zaidi ya kusema kwamba siku utakapoona magari ya makundi yako yote yanafanana, usiwasifu watoto. Jichunguze mwenyewe.

Wengine watasema mifano ya jeshi haifai watoto wadogo. Hatukuitoa ili watoto wapigishwe gwaride.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wakufunzi kuliko ninyi wanachuo. Twawahimiza mwache kosa la mtoto lionekane, kisha twaja na fomu zetu za ukaguzi na kutoa alama kwa zana zilizo safi, zilizopakwa rangi, zinazofanya kazi mara ya kwanza. Mwanachuo mwenye akili hufanya hesabu haraka: mkaguzi anakuja mara chache, na gari lililonyooka lina alama. Hatuwezi kumlaumu kwa kutoa koleo. Kwa hiyo tumekubaliana kati yetu kwamba katika mazoezi yajayo, tutakapofika darasani, tutaomba kwanza daftari za makundi kabla ya kutazama magari, na tutamwuliza mtoto, wala si mwanachuo, kwa nini gari liko vile lilivyo. Mwanachuo atakayetuonyesha gari lililovunjika, na kundi linaloweza kutuambia lilivunjikia wapi na wamejaribu nini, hatutampunguzia alama hata moja kwa kuvunjika huko.